Ndelilio Yoramu Temu, Mtafuta Vijana Kumi na Watano

Watoto wa ndugu wa marehemu walipoanza kupata akili, kitu cha kwanza walichokiona kwake kilikuwa swali lake. Watu wengine wakikutana na kijana humwuliza jina, au habari za shule, au yeye ni mtoto wa nani. Marehemu Ndelilio Yoramu Temu aliitikia shikamoo, akamtazama kijana mabega, kisha akauliza, "Wewe ni wa ngapi kwenu?" Kijana akijibu kuwa ni wa kwanza au wa mwisho, uso wa marehemu ulichangamka. Akijibu kuwa ni wa katikati, marehemu alimshika mkono asiuachie upesi, kama mtu anayemuaga msafiri. Wengi walidhani ni utani wake. Haukuwa utani. Swali lile lilizaliwa katika miaka mingi ya mahangaiko, na maisha yake hayawezi kusimuliwa kwa haki bila kuyaeleza mahangaiko hayo.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1908 hapa Mbokomu, akiwa wa tatu kati ya wana watano wa mzee Yoramu Temu na mkewe Ndeanansia. Kihamba hiki, shamba la ukoo tulimokusanyika leo, pamoja na migomba na kahawa yake, kilikuwa na wenyewe tangu zamani: mwana wa kwanza, baba yetu mkubwa Gidioni, alikatiwa sehemu yake alipooa, na wa mwisho akabaki na nyumba ya wazazi. Wana watatu wa kati walijua toka utotoni kwamba watatafuta pao. Marehemu hakulalamika. Alipokua alifyeka pori kule chini, njia ya Kahe, akalima mahindi na maharage, na kila Krismasi alipanda mlima na debe la mahindi kwa kaka yake.

Alianza shule ya misheni mwaka 1917. Wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa mwaka 1920, walimu wetu wenyewe waliendelea kufundisha, na marehemu alimaliza darasa la nne mwaka 1923, akabarikiwa kanisani mwaka uliofuata. Wazee waliosoma naye wanakumbuka kwamba mwalimu alimtuma kuwafuata watoro. Wengine waliotumwa walirudi mikono mitupu. Yeye alirudi na mtoro, na wote wawili walikuwa wamelowa umande mpaka kiunoni, kwa sababu kama mtoto alizuiwa nyumbani mpaka akate majani ya ng'ombe, Ndelilio alishika mundu akakata nusu ya mzigo. Mwalimu alimwadhibu kwa kuchelewa. Kesho yake alimtuma tena.

Mwaka 1927 aliteremka Moshi mjini, akapata kazi ya kutunza uwanja katika klabu moja ya walowezi. Alikata nyasi, alichora mistari kwa chokaa, alifua jezi. Walowezi wale walicheza raga, ule mchezo ambao watu wa mjini waliuita mpira wa yai, na kwa miaka kumi na miwili marehemu aliutazama akiwa nyuma ya pipa lake la chokaa. Aliporudi nyumbani alisimulia kwa mshangao kwamba katika mchezo huu hakuna kijana asiye na kazi. Mnene anasukuma, mfupi anaokota, mwembamba anakimbia, na yule asiyejua kukimbia wala kuokota anamshika mwenzake kiuno asianguke. Jambo hilo lilimwingia moyoni. Vita ilipoanza mwaka 1939 walowezi wengi waliondoka, uwanja ukaota magugu, na katibu wa klabu akamwachia mipira miwili ya ngozi iliyochakaa, naye akatafuta kazi nyingine mjini.

Tarehe 18 Oktoba 1932 alifunga ndoa takatifu na Eliaichi, binti wa Old Moshi. Mungu aliwajalia watoto watatu: Justina, Elinipendo na Yoramu, aliyepewa jina la babu yake. Nyumba yao ya Njoro, pale pale Moshi mjini, haikuwa kubwa, lakini ilikuwa na sufuria kubwa kupita kiasi, na sababu ya sufuria hiyo ni klabu.

Klabu yake mwenyewe ya raga ilianza Januari 1946 katika kiwanja cha wazi cha Njoro. Mwenzake wa kwanza alikuwa Bwana Mikidadi, fundi cherehani wa mjini, Mwislamu na jirani yake, ambaye alikubali kuwa nahodha kabla hajauona mpira wenyewe. Siku ya kwanza walikuja vijana wanne, na watazamaji zaidi ya hamsini waliokuja kucheka.

"Ndelilio, mpira gani huo unaoruka kama kuku aliyekatwa kichwa?" mmoja aliuliza.

"Ndiyo maana unahitaji mtu mwenye akili kuukamata," marehemu alijibu. "Wewe kaa hapo hapo."

Yule mtu aliingia uwanjani kwa hasira, akaukimbiza mpira jioni nzima, akawa wa tano.

Lakini kuwapata vijana ni kazi moja na kuwaweka ni kazi nyingine. Kandanda ilikuwa na jina, ilikuwa na kombe, na mchezaji wake alirudi nyumbani na shati zima. Ili vijana wasitawanyike, Mama Justina alianza kupika mtori wa ndizi kila Jumamosi baada ya mazoezi. Siku moja alimwuliza mumewe wanakuja kwa mpira au kwa sufuria. "Wakija kwa sufuria wataukuta mpira," alisema marehemu, akaongeza kuni.

Kufikia mwaka 1947 alikuwa na vijana kumi na saba, na timu ya raga ni watu kumi na watano. Alifurahi mno. Aliwatafuta kwa hesabu yake mwenyewe: alichukua wana wa katikati, kama alivyokuwa yeye, kwa kuwa hawakufungwa na kihamba wala zizi na waliweza kufika mazoezini bila kumwomba mtu ruhusa. Msimu wa kahawa ulipokwisha, walianza kumuaga. Mmoja alikwenda Tanga kwenye mkonge. Wawili walipita mpaka wa Holili kwenda Mombasa. Mwingine alipata ukarani Arusha. Marehemu alimsindikiza kila mmoja mpaka stesheni au mpaka kwenye lori, akambebea sanduku, na kila mara alirudi Njoro peke yake. Mwezi Machi 1948 walibaki saba.

"Umechagua wale wasio na pa kukaa," Mama Justina alimwambia, "halafu unashangaa hawakai."

Marehemu aliweka kijiko chini. Mkewe anasema hakula tena siku ile. Yeye, mwana wa tatu wa mzee Yoramu, hakuliona jambo ambalo maisha yake yote yalimwonyesha. Tangu hapo ndipo alipoanza kuuliza lile swali lake.

Sasa aliwataka wana wa kwanza na wa mwisho, ambao hawaendi popote. Shida ni kwamba hao hawakuwa mali yao wenyewe. Nyuma ya kila mmoja alikuwepo baba mwenye migomba, ng'ombe wa ndani, na zamu katika mfongo, ule mfereji wetu wa maji unaotoka juu msituni, ambao kila nyumba hutoa mtu wa kuuchimba na kuuziba. Nyumba isiyotoa mtu hunyimwa maji. Marehemu alipanda mlima Jumapili baada ya ibada, nyumba moja baada ya nyingine, kwa muda wa miezi saba, akafukuzwa kwa heshima kila mahali. Mwisho alifika kwa mzee Eliamini, hapa hapa Mbokomu, ambaye mwanawe wa mwisho, Filemon, alikuwa na umri wa miaka kumi na minane na mabega ya mtu mzima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Najua kilichokuleta. Huyu ndiye atakayenizika, Ndelilio. Akivunjika huko kwenye vumbi lako, nani atasimama mfongoni?"

"Nitasimama mimi."

"Wewe una kazi mjini."

"Nitaomba ruhusa. Kijana wako akiumia, zamu yake naishika mimi, mfongo na majani ya ng'ombe, mpaka apone."

Mzee Eliamini alikubali shingo upande, na neno lile likaenea. Baba wengine nao waliitaka ahadi hiyo hiyo, wakaipata. Kufikia Agosti 1949 klabu ilikuwa na vijana kumi na wanne, nusu wa mlimani na nusu wa mjini, na marehemu alimwambia Bwana Mikidadi kwamba amebakiza mmoja tu.

Tarehe 20 Agosti 1949 ardhi ilikuwa kavu kama sakafu, kwa kuwa mvua ilikatika mapema. Bwana Mikidadi alishauri mazoezi yaahirishwe. Marehemu aliikanyaga ardhi kwa kisigino, akaona kweli ni ngumu, lakini vijana wote kumi na wanne walikuwepo kwa mara ya kwanza, naye hakuwa na moyo wa kuwarudisha nyumbani. Katika kusukumana kwa mabega kundi lilianguka, na Filemon alikuwa chini. Mguu wake wa kulia ulivunjika mahali pawili. Ulipona baada ya miezi mitano, lakini ulipona ukiwa mfupi. Familia haitaki kulificha jambo hili, kwa kuwa marehemu mwenyewe hakulificha. Alilisema mbele ya mchungaji, mbele ya mzee Eliamini, na mbele ya kila baba aliyemwomba kijana baada ya hapo. "Niliiona ardhi," alikuwa akisema. "Niliiona na nikawaacha wacheze."

Ahadi ilikuwa mpaka Filemon apone, na Filemon hakupona vya kutosha kusimama ndani ya maji na sepetu. Kwa hiyo ahadi haikuwa na mwisho. Marehemu alipanda mlima kila zamu ya nyumba ile ilipofika, masika na kiangazi, kwa muda wa miaka karibu sita. Mara tatu kwa juma binti zake walikata majani ya ng'ombe wa mzee Eliamini, na mwishoni mwa juma alikata mwenyewe. Alimsalimia mzee kila mara, na mzee aliitikia marahaba tu, bila neno la pili. Filemon alimwonea haya.

"Baba mdogo, mguu ni wangu," alimwambia siku moja. "Nami nilitaka kucheza. Pumzika."

"Mguu ni wako. Zamu ni yangu. Nenda kwa Mikidadi ukajifunze cherehani, usinipotezee muda."

Filemon alikwenda, na leo ni fundi anayetegemewa. Jezi zote kumi na tano za klabu, zenye mistari ya kijani na nyeupe, amezishona yeye.

Jambo ambalo wengi hawakulitarajia ni kwamba ajali ile haikuiua klabu. Baba wa mlimani walikuwa wakimwona marehemu mfongoni. Walimwona Januari, wakamwona Mei, wakamwona hata mwaka ambao kazi yake mjini ilikuwa karibu kumponyoka kwa sababu ya ruhusa nyingi. Walianza kuwaachia vijana wao. Nao vijana walikaa. Wengine wamecheza Njoro miaka minne bila kukosa, wameoa, wamepata watoto, na bado Jumamosi wanateremka. Hata hivyo hesabu haikutimia kirahisi. Ilifika kumi na watatu, ikashuka kumi na mmoja, ikapanda tena. Marehemu aliwahesabu vijana wake kila Jumamosi kwa kuwagusa bega, na aliyekosekana alifuatwa kwao kabla ya Jumapili jioni.

Mwezi Februari mwaka huu wa 1955, kijana wa kumi na tano alijiunga. Marehemu hakungoja. Aliandika barua kwa mkono wake kwenda kwa klabu ile ile alikofanya kazi, ambayo ilifufuka baada ya vita, akaomba mchezo. Majibu yalikuja tarehe 14 Machi. Timu yao ya pili itacheza na vijana wa Njoro katika uwanja wa klabu, Jumamosi tarehe 11 Juni, kwa sharti kwamba Njoro walete wachezaji kumi na watano kamili. Wakipungua hata mmoja, mchezo utafutwa, wala klabu haiahidi kuupanga tena. Marehemu alimsomea mkewe barua hiyo mara mbili. Katika miaka kumi na miwili aliyouchorea uwanja ule mistari, hakupata hata mara moja kuuingia akiwa na timu yake.

Mvua za masika mwaka huu sote tumeziona. Jumamosi tarehe 7 Mei maji yalivunja ukingo wa mfongo, na baragumu likapigwa kuita nyumba zote. Marehemu alikuwa na kikohozi cha siku nne. Alipanda mlima hivyo hivyo, akaingia majini asubuhi. Mzee Eliamini alikuja ukingoni mchana, akamtazama, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita alimwambia zaidi ya marahaba.

"Ndelilio, una homa. Toka. Leo nitawaambia wenzako nimekuruhusu."

"Zamu haina homa, mzee. Tukiuacha ukingo huu, kesho maji yote yako kwa jirani."

Alitoka saa kumi na moja jioni, ukingo ulipokwisha kuzibwa. Jumanne alishindwa kuamka. Ijumaa tarehe 13 alipelekwa hospitali, akaambiwa ana kichomi cha pande zote mbili.

Bwana Mikidadi alikuwa katika mfungo wa Ramadhani, lakini alikwenda kumwona kila siku baada ya kufunga duka. Kila siku marehemu alimwuliza jambo moja, "Wako wangapi?" Na kila siku Bwana Mikidadi alijibu, "Kumi na watano." Familia inaona ni haki kusema leo kwamba jibu hilo halikuwa la kweli. Habari za ugonjwa zilipofika mlimani, baba watatu waliwarudisha vijana wao nyumbani. Hawakufanya hivyo kwa ubaya. Walikuwa wamewatoa vijana kwa ahadi ya mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa kitandani. Bwana Mikidadi ameiomba familia imsamehe, na Mama Justina amemjibu kwamba yeye naye alikuwepo, alisikia, na alinyamaza.

Marehemu alifariki dunia Jumapili tarehe 22 Mei 1955, asubuhi, wakati kengele ya ibada ya kwanza ilipokuwa ikilia, akiwa na umri wa miaka arobaini na saba. Kaka yake mkubwa, mzee Gidioni, amempa mahali pa kulala katika kihamba hiki, kando ya baba yao.

Jana, wakati wazee walipokaa kupanga mazishi, mmoja wa wale baba watatu aliuliza kwa uwazi swali ambalo wenzake walilikwepa: ikiwa Ndelilio amekwenda, kijana akivunjika Juni, nani atasimama mfongoni? Bwana Mikidadi, aliyekuwa amepanda mlima katika siku za Idi, alisema yuko tayari, kisha akakiri hajawahi kushika sepetu maishani mwake. Ndipo mzee Eliamini aliposimama.

"Mimi nimeshikiwa zamu miaka sita," alisema, "na sikumwambia asante hata siku moja. Nilikuwa nangoja achoke, nipate la kusema. Hakuchoka. Basi ahadi ile ninayo mimi sasa. Kijana wa nyumba yoyote akiumia, zamu yake naishika."

"Mzee, una miaka sabini," yule baba alimwambia. "Utachimba nini?"

"Nitachimba polepole. Na Filemon atakaa ukingoni anitukane nikizembea."

Watu walicheka kidogo, msiba ukiwa msiba. Lakini wale baba watatu hawakusema ndiyo, wala hawakusema hapana. Walisema kwamba jibu lao litaonekana uwanjani.

Marehemu ameacha mjane, Mama Eliaichi; watoto watatu, Justina, Elinipendo na Yoramu; mjukuu mmoja; kaka wawili na wadogo wawili; na vijana wa Njoro, ambao jioni ya Jumapili walikaa mlangoni kwake bila kuitwa. Mungu aliyempa mabega ya kubeba zamu za wengine, sasa ampokee na kumpumzisha.

Wazee wa ukoo wameamua kwamba mchezo usiahirishwe. Utachezwa Jumamosi tarehe 11 Juni, saa kumi alasiri. Wachezaji watahesabiwa mstarini saa tisa na nusu, na Bwana Mikidadi atawahesabu kwa kuwagusa bega mmoja mmoja. Mpaka leo asubuhi waliothibitisha ni kumi na wawili. Jezi tatu zimebaki kwa Filemon, zimekunjwa na kupigwa pasi, na mzee Eliamini amesema siku hiyo atateremka mapema.